Fundo, Kitanzi, Kitambaa

Chaki iliisha kabla ya saa sita, na Mwalimu Uweso akashukuru. Kipande cha mwisho kilimvunjikia ubaoni katikati ya tarakimu, kikamwachia vumbi vidoleni na hesabu isiyo na mkia. Nyingine haitakuja mpaka mwezi uandame. Alijifuta mkono kwenye suruali, akaligeukia darasa, akasema leo hesabu zitakuwa za mdomo. Wa mbele waliguna. Wa mbele waliupenda ubao kwa sababu ulikuwa karibu nao.

Benchi la nyuma halikuguna. Kule chaki haikuwahi kumfaa mtu. Alikaa Haji, kijana aliyerudia darasa mpaka sharubu zikaanza kumchungulia, ambaye tarakimu zikipangwa ubaoni zilimchanganyikia zote. Alikaa Jaku, ambaye vidole vya mkono wa kulia vilibaki kwenye korona, ile mashine ya kusaga mkonge, siku aliyompelekea baba yake chakula akaambiwa asaidie kidogo. Na mwisho kabisa, ukutani, alikaa Mboni, ambaye hakuona. Jina alipewa kabla surua haijamfunga macho, na hapakutokea mtu mwenye moyo wa kulibadili. Mwalimu Mkuu aliwaita watatu hao wazito.

Shule ya Mgambani ilikuwa ya udongo na makuti, nje kidogo ya Pongwe, mkonge umeizunguka pande zote ukabakisha njia ya kupita tu. Upepo ukigeuka, harufu ya maji ya mkonge yaliyooza iliingia darasani ikakaa na watoto. Uweso alikuwa mtu wa Kigombe, aliyekulia kwenye harufu ya samaki, na alikuwa akisema kwamba harufu ya samaki angalau ina mchuzi mbele yake. Hii haikuwa na kitu mbele. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja unaoondoka kwa usingizi, bali ule wa mtu anayechota maji kwa pakacha na kila jioni anaulizwa mbona mtungi haujai.

Mboni aliandikishwa shule kwa sababu moja. Serikali ilisema shule isiyo na wasichana wa kutosha haitajengewa chumba cha pili, na wazee wa Mgambani hawakuwa tayari kutoa mabinti wao wakakae benchi moja na wavulana. Mwalimu Mkuu Mselem akapita mlango kwa mlango akibembeleza. Alipofika kwa Bibi Mwamvua, msuka majamvi, aliomba apewe yule mjukuu asiyeona, maana huyo hakuwa na mchumba wa kukasirika. Bibi alishangaa kipofu atasoma nini. Mselem akamwambia hatasoma, atakaa tu. Basi Mboni akaandikwa ili ahesabiwe, si ili ahesabu. Chumba cha pili kikajengwa, nacho kikavuja kama cha kwanza. Yeye akabaki ukutani.

Uweso alipokabidhiwa darasa lile alijaribu kila kitu. Kokoto zilimdondoka Mboni zikatawanyika sakafuni, na wa mbele wakacheka. Mbegu za mahindi zililiwa na Haji, naye alipoulizwa alijibu kwa adabu kwamba hajala tangu jana. Kisha siku moja, katikati ya somo, Uweso akamkuta Mboni anasuka ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu wa kushonea mikeka, chini ya meza, akamnyang'anya kwa hasira. Alikuwa na njaa siku hiyo, na mtu mwenye njaa huona dharau hata pasipo dharau. Lakini ukili aliokuwa ameushika ulikuwa na rangi mbili, nyekundu na nyeusi, zinapishana bila kosa hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Akamuuliza nani anamwambia rangi.

"Hakuna, Mwalimu. Bibi hunipa miyaa kwa mafungu, kila rangi na fungu lake. Yaliyobaki nahesabu mwenyewe. N'kikosea mkeka unapinda, na bibi ananipiga kofi."

Uweso alikaa kwenye benchi la nyuma kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu.

Walielewana taratibu, yeye na vile vidole. Kila ukili uwe na miyaa mirefu inayoning'inia pembeni, na juu ya miyaa hiyo Mboni ataandika. Fundo dogo ni moja. Kitanzi ni kumi. Kitambaa, kipande cha kanga kuukuu kilichofungwa kwenye mwaa, ni mia. Kujumlisha hakukumsumbua. Kilichokuwa kimelishinda benchi lile miaka yote ni kutoa, pale tarakimu ya juu inapokuwa ndogo kuliko ya chini, na mwalimu anasema tukope kwa jirani. Haji aliwahi kuuliza kama jirani huyo huwa anarudishiwa, akachapwa.

Kwa Mboni hapakuwa na kukopa, palikuwa na kufungua. Mafundo hayatoshi? Fungua kitanzi kimoja, ufunge mafundo kumi. Vitanzi navyo havitoshi? Fungua kitambaa. Ukimaliza kutoa, hesabu yenyewe imekwisha kufunguka, na kinachobaki mkononi ni jibu. Haji alipopewa ukili ajaribu, akaona kitanzi kimoja kinavyogeuka mafundo kumi chini ya kidole chake mwenyewe, aliyahesabu mafundo hayo moja moja. Kisha akasema, "Kumbe hakuna kilichopotea." Uweso akatoka nje akasimama juani, kwa sababu hakutaka watoto wauone uso wake.

Ndipo tamaa ilipomwingia, na tamaa kwa mtu aliyechoka ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Dresa mmoja wa zahanati alikuwa amemwambia kwamba huko bara iko shule ya vipofu ya wamisionari, wanafundishwa kusoma kwa vidole, na anayeingia ni yule aliyefanya mtihani wa darasa la nne akapita. Ili Mboni aingie kwenye mtihani ilibidi kwanza apite siku ya mchujo. Uweso akaenda kwa Bibi Mwamvua, akapiga hodi, akamwamkia shikamoo, akalieleza lile jambo huku bibi anachana miyaa kwa meno.

Bibi aliuliza swali moja tu. "Watamgeuza dini?"

"Sijui, bibi."

"Angalau wewe husemi uongo." Alichana mwaa mwingine. "Miye n'kifa, mwanangu, huyu ana mlango mmoja tu. Mlango wa msikiti, siku ya Ijumaa, na bakuli. Mpeleke huko waendako. Mungu ataiangalia dini yake."

Siku ya mchujo ilikuwa na mila yake. Kila mwaka kabla ya mtihani, Bwana Elimu, yule Mzungu wa ofisi ya elimu, alikuja kutoka Tanga na supavaiza wake kuchagua watakaoruhusiwa kuufanya. Na kila mwaka, asubuhi hiyo hiyo, walimu wakuu waliwapeleka wazito kukata nyasi za kuezekea. Amri hiyo haikuandikwa popote. Aliyeanguka mtihani alishusha wastani wa shule, na shule yenye wastani wa chini haikupewa kitu, basi kila mwalimu mkuu alijifunza kwa mwenzake. Walimu wakikutana walitaniana kwamba huna haja ya kuambiwa Bwana Elimu yuko njiani, tazama tu matita ya nyasi barabarani. Bwana Elimu mwenyewe hakuwahi kuuliza kwa nini shule zake zina nyasi nyingi kiasi kile na hazina mtoto hata mmoja asiyejua.

Mselem alimwita Uweso siku moja kabla. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, karibu kustaafu, na alikuwa ameahidiwa kwamba wastani ukitosha mwaka huu Mgambani itapewa darasa la tano. Aliitamani ahadi hiyo kama wengine wanavyotamani Makka. Alisema wazito waende nyasi kesho, na jamvi jipya litandikwe mbele.

Uweso akasema Mboni hawezi kukata nyasi, haoni.

"Basi akae kwao."

"Anajua kutoa kuliko hao wa mbele, Mwalimu. Hebu mjaribu mwenyewe. Mpe hesabu yoyote."

"Nimewaona na kamba zenu." Mselem alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanzu. "Sikatai kwamba anajua. Miye si mbaya wako, Uweso. Lakini pale hawaulizi nani anajua, wanauliza nani ameandika. Mmoja akianguka tunaanguka sote. Na ukinipinga mbele ya Bwana, watasema una kadi ya chama, na miye sitakuwa na neno la kukutetea. Unajua mwaka huu wanavyowatazama walimu."

Uweso hakuwa na kadi ya hao wanaodai uhuru. Alikuwa ameambiwa anunue na hakununua, si kwa woga wala kwa utii, bali kwa sababu mikutano ilikuwa mbali na yeye alikuwa na mguu unaomsumbua. Akasema vyema, Mwalimu, akatoka.

Mchana ule aliwaambia Haji na Jaku kwamba kesho ni nyasi. Aliona haya, akawaambia akiwa ametazama dirishani. Wao hawakushangaa. Haji aliuliza tu kama aje na mundu wa kwao au upo wa shule. Kisha Uweso akamshika Mboni bega akamwambia yeye aje darasani, na aje na miyaa mipya. Hakuwa na nguvu za kuwapigania watatu. Alifanya hesabu moyoni, akawatoa wawili.

Bibi Mwamvua alimleta asubuhi, kanga imefuliwa, nywele zimesukwa, kitita cha miyaa kwapani. Mselem alipomwona alifungua mdomo. Lakini gari lilikuwa limekwisha simama chini ya mkorosho, na mwalimu mkuu hawezi kumfukuza mtoto mbele ya Mzungu. Akaufunga mdomo, akaenda kupokea wageni.

Bwana Elimu alikuwa mtu mrefu, mpole, shingo imebabuka kwa jua. Kiswahili chake kilikuwa safi na kifupi. Supavaiza wake, Bwana Sadalla, alikuwa mtu wa Tanga mjini, soksi zake zimepanda hadi magotini na hazikuwa na hata chembe ya vumbi. Alitoa mfukoni chaki yake mwenyewe, ndefu, nyeupe, nzima. Watoto waliitazama chaki ile kabla ya kutazama kilichoandikwa. Akaandika mia tatu na mbili, toa arobaini na saba.

Uweso aliinama ukutani akaisoma hesabu ile kwa sauti ndogo.

"Mwalimu," Sadalla akasema, "mbona unasoma?"

"Huyu haoni, bwana."

"Sasa kama haoni anafanya nini hapa?"

Mselem alikuwa anatazama vidole vyake. Bwana Elimu akainua mkono kidogo akasema mwache, na Uweso akampenda kwa neno lile, akamwombea heri kimoyomoyo.

Mboni akaanza. Alifunga vitambaa vitatu, akaacha nafasi tupu pale ambapo vitanzi vingekaa, akafunga mafundo mawili. Kisha akatulia, kichwa amekiinamisha upande kama anasikiliza. Sifuri ile ya katikati ilikuwa mtego, na Uweso alijua, na alijua kwamba Sadalla ameiweka makusudi. Mboni akafungua kitambaa kimoja akakiweka mapajani, akafunga vitanzi kumi. Akafungua kitanzi kimoja, akafunga mafundo kumi. Kazi hiyo ilichukua muda, vidole vyembamba vinapita juu ya mwaa vinarudi, na midomo yake inatikisika bila sauti.

Sadalla alisimama karibu naye akatazama. Kisha akamgeukia Bwana Elimu. "Anafunga, anafungua. Hajui alitakalo."

Wa mbele walikwisha maliza. Sifuri iliwaangusha wengi. Sadalla alipita akitazama karatasi zao, akawaambia waliokosa kwamba wamekaribia, akawaandikia hesabu nyingine nyepesi. Mboni alimaliza alipomaliza. Akaupitisha ukili vidoleni tangu mwanzo, akarudia, akauinua juu kwa mikono miwili kuelekea pale alipoisikia sauti ya Mzungu.

Bwana Elimu akaupokea. Aliugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye msuko, polepole, na uso wake ukalainika. Uweso akasogea, akaanza kusema kwamba jibu liko pembeni, bwana, anza na vitambaa. Lakini Mselem alikuwa ameona wastani wa miaka yake yote unaning'inia kwenye mwaa ule, naye akawahi kuingia kati.

"Binti huyu ni msukaji, bwana. Bibi yake ni msukaji hodari, hana mfano Pongwe nzima."

"Naona," Bwana Elimu akasema. "Kazi nzuri. Mikono mizuri sana." Akautazama tena. "Lakini haijaisha. Mwambie amalize. Mlango wa ofisi yangu hauna mkeka."

"Bwana," Uweso akasema, "hiyo ni hesabu."

Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. Sadalla ndiye aliyemjibu, tena bila ukali, kwa namna ya mtu anayemsaidia mwenziwe asijiaibishe.

"Hesabu ya darasa la nne ni kalamu na karatasi, Mwalimu. Mkeka hausahihishwi."

Wa mbele wakacheka, Mselem akacheka, na Bwana Elimu mwenyewe akatabasamu. Mboni pia alicheka. Alikuwa amesikia kazi nzuri kwa masikio yake, na hakuona sababu ya kutocheka.

Gari lilipoondoka Mboni alimngoja Uweso mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Mwalimu, nimepata?"

"Umepata. Mia mbili hamsini na tano."

"Bwana amesema kazi nzuri."

"Ndiyo, amesema."

"Basi nitakwenda bara."

Uweso akamwambia aende kwanza kwa bibi, akale. Barabarani Haji na Jaku walikuwa wanarudi na matita ya nyasi kichwani, Jaku amelishika la kwake kwa mkono mmoja, nao wakapita nyuma ya shule kama walivyofundishwa, wasije wakaonekana.

Majina ya mchujo yalisomwa wiki iliyofuata. La Mboni halikuwemo. Uweso alikwenda kwa Mselem, na mara hii alisema yote, akasema hata asiyotaka kusema, kwamba mtoto alitumiwa kupata chumba na sasa anatumiwa kupata mkeka. Mselem alimsikiliza mpaka mwisho. Alionekana naye amechoka.

"Mwanangu, waliokwenda darasa la tano nimewaona. Wengi wako shambani wanakata mkonge pamoja na wasiokwenda. Huyu kipofu, mwanamke, ofisi ya Bwana imemtaka. Bwana ameagiza vitanga vya kufutia miguu, vya milango yote. Ulitaka apate nini zaidi?" Mselem akaongeza kwamba Sadalla ameuliza habari zake, mwalimu wa hesabu ni mtu wa wapi, na anakaa na nani jioni.

Uweso alipokwenda kwa Bibi Mwamvua alikuta kitanga cha mlangoni kimekwisha shonwa, kikubwa, cha duara, kimetandikwa uani kikauke. Bibi alikuwa amemwombea dua Mzungu yule, akamwombea na Uweso. Uweso akajaribu kumweleza kwamba hii siyo ile nafasi waliyoitafuta. Bibi hakuwa mjinga, alielewa kabla hajamaliza.

"Ukipewa shubiri usichukue pima, mwanangu. Miye nilimwogopea mlango wa msikiti. Huu ni mlango wa serikali. Si mlango huo pia?" Kisha akashusha sauti, akalalamika kwamba mtoto amekuwa mkaidi. Ukili ule wa siku aliyokuja Bwana umeanzia katikati ya kitanga, na una mafundo yameumuka, yanakera mkono. Yeye alitaka kuyafungua ashone palainike. Mboni alilia. Alilia mpaka bibi akashona hivyo hivyo. Na supavaiza amekwisha tuma salamu, vingine visiwe na mafundo, vyenye mafundo vitarudishwa.

Mboni alikuwa kizingitini anasuka. Ukili uliokuwa mikononi mwake ulikuwa laini, hauna kinachoning'inia pembeni. Aliijua hatua ya Uweso, akasema shikamoo Mwalimu kabla hajasemeshwa. Uweso akamuuliza kwa nini alikataa mafundo yale yasifunguliwe.

"Hilo ni jibu, Mwalimu. Bwana alisema limalizwe kwanza, ndipo apelekewe ofisini. Akikaa nalo peke yake, taratibu, atalisoma." Vidole havikusimama. "Siku ile watu walikuwa wengi, na Bwana Sadalla alikuwa na haraka."

Uweso akasogea karibu naye. Alitaka kumwambia. Alimtazama bibi, na bibi akatikisa kichwa polepole, usimwambie, na yeye akakitii kichwa kile cha kizee kwa sababu kilikuwa rahisi kukitii kuliko kusema.

Mvua za vuli zilipoanza aliitwa Tanga, ofisi ya elimu. Alijua ni uhamisho. Mwalimu mwenzake alikwisha sikia kwamba ni Ushongo, ng'ambo ya Pangani, ambako darasa lililoko ni la kwanza na la pili tu na hesabu haivuki mia. Asubuhi ya safari Mboni alikuwa barabarani na bibi yake, wamebeba vitanga vingine vilivyofungwa kamba, maana kile cha kwanza kilikwisha pelekwa zamani, wanangoja lori la shamba livipeleke mjini. Alisikia sauti ya Uweso akamwita.

"Mwalimu, ukifika ofisini, muulize Bwana kama ameshalisoma."

"Nitamuuliza."

Alifika Tanga mvua imekatika, mitaa imejaa tope. Ofisi ilikuwa ya mawe, na baraza pana iliyopakwa chokaa. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimetoboka soli, na tangu stesheni maji yalikuwa yanaingia na kutoka yapendavyo. Tarishi aliyekuwa amekaa kwenye stuli mlangoni alimwonyesha chini kwa kidole.

"Futa miguu, Mwalimu. Bwana hapendi mchanga."

Uweso akakanyaga, na kupitia tundu la soli, chini ya unyayo, akahisi uvimbe mdogo, na mwingine pembeni yake. Akautoa mguu. Kitanga kilikuwa kimegeuka rangi ya barabara, nyekundu na nyeusi hazijulikani tena. Akachuchumaa, akaweka vidole katikati, pale ukili ulipoanzia.

Vitambaa vilikuwepo, viwili, vimegandamana na tope. Akapita. Vitanzi vilikuwa vimelala lakini vilishikika, akavihesabu, vitano. Bibi alishona vizuri. Akafika kwenye mafundo, akayahesabu kwa kidole cha shahada. Akarudi, akayahesabu tena, maana alipata manne. Pale pa tano palikuwa na mwaa uliosagika, umefumuka nyuzinyuzi, visigino vimeumaliza. Alijaribu kuukusanya aufunge. Ukakatikia mkononi mwake.

"Umeangusha kitu, Mwalimu?" tarishi akauliza.

Uweso akasema hapana.

"Basi futa miguu upite. Wenzako wanangoja."

Nyuma yake walikuwa wamesimama walimu wengine, wa Muheza na wa Pangani, viatu vyao vimejaa tope, wanangoja zamu. Uweso akainuka. Kutoka ndani aliisikia sauti ya Bwana Elimu, mpole, anauliza ni nani anayefuata. Akafuta mguu wa kulia, akafuta wa kushoto, akaingia.